Shibiri Moja kwa Kila Mzunguko

Binti yangu wa mwisho ni motari. Naliandika hilo wazi tangu mwanzo kwa sababu majirani hulinong'ona kana kwamba ni aibu ya nyumba, nami sioni aibu yoyote ya kuficha. Pikipiki, moto kama motari wenyewe wanavyoiita, ni yake, alijinunulia mwenyewe. Anabeba abiria na mizigo kutoka Kasongo kwenda Wamaza, na kiangazi kikikausha njia hufika hadi Salamabila kwa wachimbaji wa dhahabu. Siku za sikukuu yeye na motari wenzake hushindana kwenye kiwanja kilicho nje ya mji, wakizunguka mapipa manne matupu mpaka watazamaji wote wageuke rangi ya udongo. Mara ya mwisho alimaliza wa tano.

Miezi michache iliyopita aliketi mbele yangu baada ya chakula cha mchana, akafuta mikono, akasema:

"Papa, nisaidie kufikiri. Moto iko moja, kazi ziko mbili. Barabara inataka mupira wa namna yake, kiwanja kinataka wa namna ingine. Nifunge saizi gani?"

Katika miaka thelathini na moja ya utumishi wangu kwenye biro ya teritware, yaani ofisi ya wilaya, niliulizwa maswali mengi ambayo majibu yake yalikuwa tayari mfukoni mwa muulizaji. Hili halikuwa la namna hiyo. Nilichukua daftari jipya, nikaandika kichwa cha habari, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Ni lazima nieleze hapa kwamba mambo ya umbali na magurudumu yalinihusu kabla ya siku hiyo. Mimi ndiye niliyetengeneza rejista ya umbali ya biro yetu. Nilipoanza kazi, kila mtumishi aliyetumwa vijijini aliandika kilometa alizopenda, na mimi sikuweza kuvumilia uholela huo. Nilipanda pikipiki ya kazi, nikapita kila njia inayotoka Kasongo kuelekea Kabambare, nikasimama kila kijiji kusoma kontere, yaani kile kipimo cha kilometa kilicho mbele ya usukani, na kuandika namba kwa wino. Kazi hiyo ilinichukua kiangazi kizima. Tangu hapo petroli ilitolewa kwa kufuata rejista, na mabishano yalikwisha.

Yalikwisha isipokuwa kwa mtu mmoja. Plantoni wetu, yule aliyepeleka barua za Serikali kwa pikipiki ya pili, aliandika kilometa tisini kwenda kwenye kituo kimoja kilicho kabla ya Wamaza. Rejista yangu ilisema themanini na moja. Nilimwita, akashikilia tisini. Nilimwita tena, akaleta barua ya kujitetea, nami nikamjibu kwa maandishi kwamba kitabu hakidanganyi. Mwishowe nilimwandikia barua ya lawama yenye neno "udanganyifu", nikaisoma asubuhi mbele ya bendera, wafanyakazi wote wakiwa wamesimama. Kabla ya saa sita mchana alikuwa amekwisha kupewa jina: Kilometa Tisa. Watoto wa shule walimwita hivyo, na baadaye watoto wake mwenyewe waliitwa watoto wa Kilometa Tisa. Kupandishwa cheo kulikokuwa kunamkaribia kulimpita. Aliacha kazi, akafungua banda la kuziba mipira karibu na soko, akawa kwado, kama tunavyowaita huku mafundi wa kazi hiyo. Mimi nilipita mbele ya banda lile miaka yote bila kusalimu. Niliamini kwamba mtu aliyeiba petroli ya Serikali hastahili salamu yangu.

Basi binti yangu aliponiambia, "Twende kwa kwado, Papa, tukaone mipira kwa macho," nilimuuliza kwado yupi.

"Kwado muzuri iko mumoja tu mu Kasongo hii yote."

"Wapo wengine."

"Wengine wanatoboa shambrere, ule mupira wa ndani, mahali haikutoboka, ili urudi kesho. Papa, unataka mupira ama unataka siasa?"

Nilivaa koti langu, nikaenda.

Yule plantoni wa zamani alikuwa ameketi juu ya janti, yaani rimu, ya lori, nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Alinitazama, akasimama, akasema, "Shefu, karibu," kama mtu anayeitikia simu ya kazini, kisha akamgeukia binti yangu. Nilipewa kigoda. Nilikaa nikiwa nimefungua daftari juu ya magoti ili mikono yangu iwe na shughuli.

Sikutarajia kuvutwa na yale niliyoyasikia, lakini nilivutwa. Namba zilizo ubavuni mwa mpira, ambazo nilikuwa nimeziona maisha yangu yote kama mapambo ya kiwanda, ni maandishi kamili ya kiutawala. Ya kwanza ni unene wa mpira. Ya pili, baada ya kistari, ni kipenyo cha janti kutoka ukingo hadi ukingo. Zote mbili zinahesabiwa kwa inchi, katika nchi ambayo mtoto wa darasa la pili hufundishwa sentimeta, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba maoni juu ya hilo. Pikipiki ya binti yangu ilikuwa na tatu kwa kumi na nane, mbele na nyuma.

"Sasa ona," kwado alimwambia. Alichukua gurudumu jingine lililoning'inia ukutani, refu na jembamba, la ishirini na moja. "Hii ukiweka mbele, shimo inakuwa ndogo. Gurudumu kubwa haiingii mu shimo, inapita juu yake. Mu matope ya Wamaza utanishukuru."

"Na kwenye mapipa?"

"Kwenye mapipa utanitukana. Inakata kona kama mutumbwi."

Binti yangu alicheka. Mimi niliuliza swali langu la kwanza, na naliandika kama nilivyoliuliza: "Tofauti kati ya hili na lile ni kiasi gani, kwa kipimo, si kwa maneno?"

Kwado aliliweka chini lile gurudumu refu. Kisha akachukua chaki, akatia alama kwenye mpira wa kumi na nane na alama nyingine sakafuni, akalisukuma gurudumu polepole mpaka alama ya mpira ikagusa tena chini. Akachora mstari pale. Akafanya vivyo hivyo kwa gurudumu la ishirini na moja, akianzia mahali pale pale. Gurudumu kubwa lilivuka mstari wa kwanza, likaenda mbele kidogo, ndipo likakamilisha mzunguko wake. Aliinama akapima nafasi iliyo kati ya mistari miwili kwa kiganja kilichotanuliwa.

"Shibiri moja," alisema. "Kila ikizunguka mara moja, inakushinda shibiri moja."

"Na kontere?" binti yangu aliuliza. "Kontere itajuaje kwamba nimebadilisha?"

"Haitajua. Kontere haioni barabara, mama. Iko na waya inatoka kwenye gurudumu ya mbele, inahesabu mizunguko tu. Ukiweka kubwa, utaenda mbali na yeye atasema uko karibu."

Alisema hayo huku akifuta chaki mikononi, bila kunitazama. Nami nilikuwa natazama mstari ule wa pili sakafuni, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka Lusangi.

Pikipiki ya kazi ilianguka na mimi kwenye mfereji karibu na Lusangi, mvua za mwisho kabla ya kile kiangazi cha rejista. Janti ya mbele ilipinda ikawa kama jani la mgomba. Fundi wa wakati ule hakuwa na nyingine ya saizi ile. Alichukua janti ndefu kutoka kwenye pikipiki iliyokufa, akaifunga kwa spoki mpya kwenye kitovu kile kile cha zamani, na mimi nikafurahi, kwa maana pikipiki ilisimama juu zaidi na mashimo yalionekana kupungua. Nilisema hivyo hata nyumbani. Nilisema: njia imekuwa nzuri.

Kutoka bandani nilirudi nyumbani, nikafungua sanduku la bati ninamotunza nakala zangu. Mke wangu aliniuliza ninatafuta nini, nikamjibu kwamba natafuta kosa la mtu. Nililipata kabla ya chai kupoa. Hati ya ukarabati ilikuwepo, imesainiwa na mimi, na tarehe yake ilitangulia ukurasa wa kwanza wa rejista. Ilisema: "Janti ya mbele, moja." Haikusema saizi. Mimi niliyewarudishia watu karatasi zao kwa kukosa nukta nilikuwa nimesaini janti isiyo na namba.

Kesho yake, wakati kwado hayupo, nilipima ile mistari ya chaki kwa utepe wa mshonaji wa mke wangu, nikakokotoa mara tatu. Katika kila kilometa kumi na kidogo za njia, kontere yangu ilikuwa imemeza moja. Themanini na moja za rejista zilikuwa kwa kweli themanini na tisa na nusu. Nusu iliyobaki kufika tisini niliiachia njia yenyewe, kwa sababu hakuna mtu anayependa maisha anayepita katikati ya kila shimo.

Kwa hiyo yule mtu hakuongeza hata mita moja. Pikipiki yake ilikuwa na gurudumu la kiwandani. Aliandika alichokisoma.

Mtu mnyoofu angekwenda siku hiyo hiyo kumwambia. Mimi nilikwenda siku hiyo hiyo, lakini nilikwenda kuzungumza juu ya mipira. Ilikuwa wiki ya majaribio. Binti yangu alikuwa amekubaliana na kwado kwamba ataazima kila gurudumu na kulijaribu mahali pote pawili kabla ya kuamua, nami nilijipa kazi ya kuandika matokeo kwa saa yangu ya mkononi. Naungama kwamba nilifurahia siku hizo kuliko nilivyostahili.

Tulianza na ishirini na moja. Alikwenda nalo mpaka Wamaza na kurudi, akaja na matope hadi magotini, akisema mikono haikumuuma hata kidogo. Kiwanjani lilimwangusha kwenye pipa la pili, mbele ya motari wenzake, ambao hawakumhurumia.

"Dada, geuza! Pipa halikimbii!"

"Analipeleka hospitali, muache!"

Akafunga kumi na nane. Kwenye mapipa alizunguka kama mbuzi aliyefungwa kigingini, kwa wepesi ambao sikuuelewa mpaka kwado aliponieleza kwamba gurudumu dogo ni jepesi kulilaza na kuliinua tena. Lakini barabarani kila shimo lilimgonga kwenye mabega. Nyuma alijaribu mpira mnene wenye meno makubwa, akitumaini kushika mchanga. Uliushika vizuri, ila ulikuwa mpana mno, ukasugua mnyororo, na tukarudi na harufu ya mpira unaoungua. Hilo nalo niliandika. Nilitaka kujua kwa nini unene unaongeza pia urefu, na kwado akanionyesha kwamba mpira mnene huinuka juu ya janti kadiri unavyotanuka. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha umbali wake bila kugusa janti kabisa. Nilikaa na wazo hilo jioni nzima, nikifikiria ni rejista ngapi katika nchi hii zimeandikwa juu ya mipira ambayo hakuna aliyeisoma ubavuni.

Siku ya nne kwado alitoa janti ya tatu kutoka nyuma ya banda.

"Kati ya kumi na nane na ishirini na moja," alisema, "iko kumi na tisa. Watu wanaisahau juu haina sifa."

Hiyo ndiyo iliyofaa. Haikuwa bora kuliko zote mahali popote, na haikuwa mbaya mahali popote. Nyuma alibaki na tatu kwa kumi na nane, yenye meno ya wastani, ili mnyororo uwe na amani yake. Saa yangu ilikubali, mabega ya binti yangu yalikubali. Aliagiza afungiwe.

Kwado alipomaliza kukaza ekseli hakusimama. Aliniomba karatasi. Nilichana ukurasa wa daftari nikampa. Akaandika kwa kalamu yangu, herufi kubwa, akaifunika kwa karatasi ya nailoni na kuibandika chini ya kontere. Iliandikwa: MBELE NI 19. KILA MIA MOJA, ONGEZA NNE.

"Ya nini, Papa Kwado?" binti yangu aliuliza.

"Ili mutu asikuje kuitwa mwongo juu ya mupira."

Binti yangu hakuelewa. Alizaliwa baada ya mambo yale, na jina la Kilometa Tisa alilijua kama majina mengine ya mjini, bila chanzo. Alipiga kiki akaenda kujaribu. Tukabaki wawili.

"Ulijua," nilisema.

"Mwaka wa kwanza wa kazi hii, Shefu. Mutu analeta moto, analalamika kontere imekuwa mvivu. Naangalia chini, naona janti ndefu. Nikakumbuka ile yako ilisimama juu kama ngamia."

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Nilikuja kwanza na barua. Ulinijibu kitabu hakidanganyi. Sasa nirudi na nini? Na gurudumu kichwani?"

Nilimwambia kwamba nimekosa. Nilimwambia kwa sentensi kamili, na tarehe, na hesabu. Nilimweleza kwamba nimeandaa barua ya masahihisho katika nakala tatu, moja yake, moja ya biro, moja ya kwangu, na nikaitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti ambamo ilikuwa imekaa siku tatu. Aliisoma yote. Kisha akairudisha mkononi mwangu.

"Ile ingine haukunipa mkononi," alisema. "Uliisoma mbele ya bendera. Hii pia usome mbele ya bendera."

"Mimi ni mstaafu. Sina haki ya kusema pale."

"Mimi pia sikukuwa na haki ya kusema pale."

Nilikwenda bironi asubuhi iliyofuata. Kijana anayeshika nafasi niliyoshika mimi alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akanisikiliza huku akitazama mlango.

"Papa, hiyo maneno ilishaisha. Na dosie yake hata haipo. Mchwa walikula kabati yote."

"Mchwa walikula karatasi," nilimwambia. "Jina hawakulila. Nimelisikia sokoni juma hili."

Alisema lingekuwa jambo lisilo na mfano. Nilimwonyesha kwamba lina mfano, ule wangu. Alisema watu watacheka. Nilimjibu kwamba walicheka mara ya kwanza, na hakuna aliyeona kuwa ni tatizo. Sikuinua sauti, lakini sikuondoka kwenye kiti, na kazi zake za asubuhi zilikuwa zimeanza kupanga mstari nje ya mlango. Mwishowe alisema dakika tano, siku ya Jumatatu.

Jumatatu kwado alikuja amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya sandukuni. Hakusimama karibu nami. Alikwenda kusimama mwisho wa safu, mahali ambapo plantoni husimama. Bendera ilipanda, wapita njia wakasimama kama ilivyo desturi, miongoni mwao binti yangu na motari watatu waliozima pikipiki zao. Nilisoma. Nilisoma saizi ya janti ya kwanza na ya pili, nikasoma shibiri, nikasoma themanini na moja na tisini. Nilipofika penye neno "udanganyifu" nililitaja kwa sauti ile ile niliyoitumia zamani, nikasema kwamba halikuwa lake, na kwamba kosa lilikuwa kwenye gurudumu nililolisainia bila kulisoma. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa motari alimuuliza mwenzake kwa sauti ya kusikika:

"Kumbe zile tisa zilikuwa za kweli?"

"Za kweli. Mimi napitaka ile njia. Iko tisini."

Ni mimi niliyeijibu barua ya kwado ya kujitetea kwa sentensi moja, na vijana wawili wenye vumbi usoni wangeweza kunisahihisha muda wote huo kama ningewauliza.

Baada ya watu kutawanyika nilimkabidhi nakala yake. Aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilikuwa bado nangoja aseme kwamba amenisamehe. Binti yangu alikuja kutusalimu. Kwado alimpa mkono, akainama kutazama ile karatasi ya chini ya kontere kama bado imeshika, kisha akaniuliza:

"Rejista yako iko na kurasa ngapi, Shefu?"

"Arubaini na sita."

"Na zote ulipima na ile janti ndefu?"

"Zote."

Alitoa kipande cha chaki mfukoni mwa suruali, akakiangalia, akanipa.

"Basi tuanze na njia ya Kabambare," alisema. "Mutoto ataendesha. Wewe utaandika, mimi nitasoma."